Insha ya Kifo cha Bibi Odile

Bibi Odile Thibodeau alifariki katika aya ya pili. Habari hizo alizipata mwenyewe wiki moja kabla ya Krismasi, jikoni kwao mjini Lewiston, alipoinua gazeti akitafuta miwani na kukuta insha ya mjukuu wake. Miwani nayo ilikuwa papo hapo. Akaivaa, akaketi, akasoma mpaka mwisho.

Colette aliporudi kutoka shule alimkuta amekunja mikono.

"Nimekufa lini?"

Colette akavua glavu zake polepole. "Mwezi wa tisa."

"Kwa maradhi gani?"

"Moyo, Bibi."

"Si haba. Nilidhani mapafu."

Colette alikuwa na miaka kumi na saba na alama nzuri karibu kila somo. Alichokosa ni msiba. Alitaka kwenda katika kile chuo kidogo cha milimani Vermont, ambako mtu husoma falsafa asubuhi na elimu ya nyota mchana, na ambako katika kila waombaji mia huchukuliwa wanane. Bi. Hatch, mshauri wa shule, alikuwa ameisoma insha yake ya kwanza ya kuombea nafasi chuoni, iliyohusu kuogelea, akamrudishia kwa upole. "Nzuri, lakini humu hakuna kilichokupata." Colette aliwaza siku tatu. Nyumbani hakuna aliyeugua, wazazi walipendana, hata mbwa alikuwa mzima. Bibi ndiye pekee aliyekuwa na umri wa kufaa.

"Kufa si neno," alisema Bibi Odile. "Nina miaka themanini na moja. Lakini haya niliyosema kitandani, 'Colette, fuata nuru iliyo ndani yako.' Mimi? Lini umenisikia nikisema upuuzi huo?"

"Ungesema nini?"

"Ningeuliza nani kaacha jiko linawaka. Ifute."

"Nimeshaituma Vermont."

Bibi akafikiri. "Basi waandikie kwamba nimepata nafuu."

Colette hakuandika. Alijiambia hakuna atakayejua. Januari simu ya nyumbani ikalia: chuo kilikuwa kinatafuta ukurasa mmoja wa alama zake. Colette alishuka ngazi mbio, akachelewa.

"Mimi ni bibi yake," Bibi Odile alikuwa akisema. "Hapana, mzaa mama yuko Florida. Mimi ni yule wa kwenye insha. Sijambo, asante. Na wewe?" Akamkabidhi Colette simu. "Anaitwa Bi. Crowe. Mwambie ukweli. Nami siondoki hapa."

Colette akausema, masikio yakiwaka moto. Bi. Crowe akamwambia anaweza kuleta insha nyingine pamoja na barua ya maelezo, na vyote vitasomwa. Hakuahidi lolote.

Jumamosi nzima Colette aliandika kuhusu karata za Jumapili: jinsi bibi yake anavyoiba waziwazi, naye akajifunza hesabu ili amkamate.

"Siibi," alisema Bibi.

"Unaiba."

"Basi andika kwamba naiba vizuri."

Machi Vermont wakamkataa, kwa aya mbili. Colette alijifungia bafuni, akafungua bomba ili asisikike akilia. Bibi Odile aliketi nje ya mlango juu ya kikapu cha nguo chafu, mpaka maji ya moto yakaisha nyumba nzima. Wiki iliyofuata chuo kimoja cha Ohio, kilichopelekewa insha ya karata tu, kikamkubali.

Agosti wazazi na Bibi wakampeleka, safari ya siku mbili. Chumba cha bweni kilinuka rangi mbichi.

"Utasomea nini?" Bibi aliuliza.

"Sijui bado. Wanakuruhusu kutojua miaka miwili."

"Miwili!" Bibi Odile akalitazama godoro, akalibonyeza kwa ngumi. Kisha akatoa shuka katika sanduku, akampa mjukuu wake ncha mbili, wakaanza kutandika.