Mkono Uko Wapi

Wifi yangu alipokuwa mnene tulimcheka unene. Alipokonda tukamcheka ngozi. Sisemi hivi kwa kujuta. Nasema ili ujue kwamba kwaya yetu haikuwa na upendeleo, tulimcheka kwa kila umbo alilotuletea.

Kwaya yenyewe ni ya kiwanda cha sabuni. Mimi niko idara ya kufungasha, yeye yuko ofisi ya usafirishaji, kule ghorofani kwenye feni. Zamu ya mchana ikitoka tunasukuma meza za kantini ukutani na kuimba tukiwa na nguo za kazi zinazonuka magadi na limau. Mimi ndiye niliyemleta pale. Nilimwambia kaka yangu, mkeo anakaa na sauti yake nyumbani bure, mwache aje achangamke. Akaja, akachangamka, na mwaka haukuisha akawa ndiye mwalimu wa kwaya. Mimi niliyemshika mkono kumwingiza akanitoa sauti ya kwanza, akaniweka sauti ya pili, safu ya nyuma, karibu na friji ya soda.

Sikatai, kazi aliijua. Alikuwa na sheria moja tu. "Msitazame mdomo wangu," alisema, "wala msimsikilize jirani. Tazameni mkono." Mkono ukiwa tumboni, tunanong'ona. Ukifika kifuani, tunaimba kama watu wanaozungumza. Ukifika begani, tunapanda. Ukipita kichwa, tunamwaga sauti yote tuliyozaliwa nayo. Aliyeimba kuzidi mkono aliitwa mbele aimbe peke yake.

Mimi niliitwa. Nilipandisha sauti mahali pa kunong'ona, kwa bahati mbaya kabisa, akasimamisha wimbo na kuniuliza kwa ule utulivu wa watu wa ofisini, "Wifi, mkono uko wapi?"

"Uko tumboni."

"Na sauti yako iko wapi?"

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilirudi kwenye friji yangu. Lile swali nililifungasha vizuri, kama ninavyofungasha sabuni, nikaliweka.

Tatizo lake yeye lilikuwa hiyo mikono. Alikonda kwa nidhamu, hilo huwezi kumnyima. Alijinyima mpaka nguo zake zote zikawa za mtu mwingine. Lakini mwili uliondoka na ngozi ikabaki, na ilibaki hasa sehemu ya juu ya mikono, kati ya kwapa na kiwiko. Akiinua mkono, ilining'inia. Akiushusha, ilishuka baadaye kidogo. Kiongozi wa besi, tunayemwita Ngurumo, ndiye aliyempa jina la Pazia. Siku moja besi walichelewa kuingia, wifi akawagombeza, Ngurumo akajibu kwa uso mkavu, "Samahani Mwalimu, sisi tulifuata ile ya pili."

Maana yake mkono ulikuwa unapiga mara mbili: kwanza mfupa, halafu ngozi. Jioni ile hakuna aliyeweza kuimba tena, na yeye alisimama pale anatabasamu, anasubiri mtu amwambie kichekesho ni nini.

Alikuja kuambiwa na simu. Kwenye mashindano ya kwaya za viwanda mtu alimrekodi kutoka pembeni, akaipunguza mwendo ile video, ikazunguka kiwanda kizima kuanzia mlinzi wa getini hadi mhasibu. Ikamfikia. Kaka yangu alimkuta bafuni mbele ya kioo, ameinua mkono, anautikisa na kuutazama. Kaka yangu ni mtu mwema lakini maneno hana. Alimwambia, "Jikaze tu, mke wangu." Naye akaenda kukazwa kweli, kwa daktari wa upasuaji.

Kwenye kwaya aliaga kwamba anakwenda kumuuguza shangazi yake. Ukweli tuliujua kaka na mimi tu, na mimi niliujua kwa sababu ilibidi apatikane mtu wa kumchana nywele. Daktari alimkata kuanzia kwapani hadi karibu na kiwiko, mikono yote miwili, akaondoa ngozi iliyozidi, akaivuta iliyobaki na kuishona. Alimkataza kuinua mikono kupita mabega mpaka atakapomruhusu mwenyewe, maana mishono ingeachia. Basi kila jioni nilipita kumvisha na kumchana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imebanwa ndani ya vitambaa vilivyofanana na soksi ndefu, imelazwa juu ya mito, na alinitazama kwenye kioo.

"Wifi, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

"Nataka siku moja nisimame mbele yenu niinue mkono, na mtu atazame mkono. Basi. Sitaki kingine."

Nilimhurumia. Kweli nilimhurumia, kwa muda wote niliokuwa na kitana mkononi. Siri yake niliitunza vizuri kutoka chumbani mpaka getini, na nilipofika kwangu nilikuwa nimeshampigia Ngurumo.

Mashindano ya mwaka huu yakawahishwa, ukumbi ulikuwa unatakiwa kwa shughuli nyingine. Meneja alishuka kantini mwenyewe kutuambia. Kama Mwalimu bado anauguza, alisema, tafuteni mwingine wa kuongoza, na huyo atakayeongoza ndiye atabaki hapo mbele moja kwa moja, hataki kwaya inayobadilisha watu kama soksi. Jina langu likatajwa. Sikulitaja mimi, nilikohoa tu.

Nani alimpelekea wifi habari hizo, usiniulize. Jioni iliyofuata aliingia kantini na blauzi pana ya mikono mirefu, uso umemshuka kidogo, lakini amenyooka. Daktari alikuwa hajamruhusu chochote. Tulimpokea kwa upendo mwingi.

"Pole Mwalimu. Shangazi anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, asanteni."

"Amejikaza?" Ngurumo akauliza.

"Amejikaza."

"Afadhali. Umri ule mtu akilegea, inabidi akazwe."

Mtu mmoja wa sauti ya kwanza akazama chini ya kiti kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Wifi aligeuza uso kwenye dirisha, kisha akatugeukia na kusema tuanze.

Wimbo wetu wa mashindano ulianza kwa kunong'ona, ukapanda taratibu, na ubeti wa mwisho ulikuwa wa kumwaga. Mwanzo ulikwenda vizuri. Mikono ilikuwa tumboni, ikapanda kifuani, na hapo ikagota. Tukaingia ubeti wa mwisho mikono iko kifuani, nasi tukauimba kama watu wanaoulizana bei ya nyanya.

"Sauti!" akasema. Hatukubadilika. Akasimamisha. "Jamani, hapa ni pa kumwaga. Si mnapajua?"

Nikalitoa lile swali langu pale nilipokuwa nimeliweka. "Mwalimu," nikasema kutoka kwenye friji, "mkono uko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanangoja, na kungoja kulikuwa kutamu kuliko kucheka. Akanitazama, na nikaona anaelewa yote kwa mpigo: kwamba wanajua, wote wanajua, na aliyewaambia ni yule anayemchana nywele.

"Uko kifuani," akasema.

"Basi na sauti zetu ziko hukohuko."

"Sheria ni sheria," Ngurumo akaongeza kwa upole.

Angeweza kusema nina mishono, nifuateni kwa macho. Angesema hivyo, nadhani hata sisi tungeona haya. Lakini kusema hivyo kungekuwa kulitamka lile jambo kwa mdomo wake mbele ya kina Ngurumo, na mtu aliyekubali kukatwa ili asichekwe hawezi kujianika namna hiyo. Alikusanya karatasi zake za nota. "Siku yenyewe mtauona," akasema.

Siku yenyewe nilimchana nywele kama kawaida. Nilipomfunga vifungo vya blauzi, nyeupe, mikono mirefu, ndiyo sare yetu, akauliza bila kunitazama, "Mtaimba?"

"Tutafuata mkono, wifi."

Ukumbi ulijaa. Kwaya ya kiwanda cha magodoro ilitutangulia, ikaimba kwa makelele mpaka mabati yakalia, na majaji walionekana wameridhika. Tukapanda. Meneja alikaa safu ya mbele, kaka yangu nyuma yake na simu juu, anarekodi, maskini, amejaa fahari.

Tulinong'ona alipotaka tunong'one. Alipandisha kifuani, tukapanda naye. Alipandisha mpaka begani, taratibu, na hapo nikaona midomo yake imekuwa mikavu. Ubeti wa mwisho ulikuwa unakuja. Akatutazama safu moja baada ya nyingine. Alimtazama Ngurumo, na Ngurumo akawa anachunguza taa. Kisha akaniona mimi. Sikufanya kitu, niliinua nyusi tu, kidogo, kama mtu anayeuliza.

Akafumba mdomo na kuinua mikono. Ikapita mabega, ikapita masikio, ikapita kichwa, ikanyooka yote miwili juu kabisa, na usoni mwake kitu kikaachia.

Tukamwaga. Haki yake tulimpa. Sijawahi kuimba vile maishani mwangu, na nilikuwa naimba huku namtazama kwapa la kushoto, ambapo wekundu ulitokea kama doa la chai, kisha ukashuka ukifuata mshono wa blauzi kuelekea kiunoni. La kulia likafuata. Sauti ya mwisho huwa haikatwi mpaka mwalimu afumbe viganja, na yeye hakufumba. Aliendelea kuishikilia mikono huko juu inatetemeka, anatutolea macho, nasi hatukuweza kuacha, hata tulipokuwa tunakosa pumzi, hata Ngurumo alipogeuka rangi ya zambarau. Ilikuwa sheria yake. Alipofumba, watu walikuwa wameshasimama.

Tulishinda. Kombe nililipokea mimi kwa niaba yake, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshuka jukwaani mikono ameibana mbavuni, koti la kaka yangu mabegani. Meneja alinipa mkono akasema kwaya hii ina nidhamu ya ajabu.

Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi. Kaka alikuwa amekimbilia gari. Blauzi ilikuwa imeganda mwilini, haivuliki, nikaomba mkasi kwa wapambaji wa ukumbi na kuanza kukata kuanzia kiganjani kwenda juu, blauzi pamoja na vile vitambaa vya ndani. Ndipo nilipoiona ile mikono kwa mara ya kwanza bila vitambaa. Ilikuwa mizuri. Myembamba, imenyooka, imebana kama ya msichana, ukiacha pale chini ambapo mshono ulikuwa wazi, unameza na kutema. Nilikuwa nimejiandaa kuona kichekesho, na hapakuwa na kichekesho.

Meno yalikuwa yanamgongana. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa na jibu tayari.

"Wifi," akasema.

"Ee."

"Nilipoinua. Ulikuwa unanitazama wewe, nilikuona."

"Nilikutazama."

"Ilitikisika?"

Haikutikisika hata chembe. Mikono ilitetemeka, lakini ngozi ilikaa kwenye mfupa wake imetulia, na katika ukumbi mzima hakuna mtu aliyetazama kitu kingine ila mkono. Alikuwa ananikodolea macho kama mtoto anayengoja kuambiwa kama amefaulu.

"Kidogo," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Nikageuza mkasi, nikaendelea na mkono wa pili.