Mbili, Kisha Mbili

Mohdhar hakuchungulia. Alisimama tu karibu na ua wa mabati wa karakana yake, akijifanya anapangusa spana. Upande wa pili ndiko alikokuwa Absalom, fundi kijana aliyehamia mtaa wa Shika Adabu kutoka bara mwaka uliotangulia, na tangu asubuhi gari ya Bi Salme, Corona nyeupe, ilikuwa kwake, boneti wazi.

Salme alikuwa mjane, mshonaji wa sare za hoteli za Shanzu. Miaka yote Mohdhar ndiye aliyemtengenezea gari yake ya awali, Pijo kuukuu, na kila alipomaliza, Salme alimletea chupa ya achari ya mbilimbi, vile vitunda vichachu vya kijani. Mohdhar aliila taratibu, na kwa kila kijiko alizidi kuamini kwamba mwanamke hampi mwanamume achari ya namna ile bure. Ijumaa shangazi yake, Bi Mwanabibi, angekwenda kumposea.

Kisha ikaja hii Corona, iliyokwisha kutumika Japani, injini yake ikiamriwa na kompyuta. Kila asubuhi iligoma kuwaka, na kwenye dashibodi kitaa cha manjano chenye umbo la injini hakikuzimika. Mohdhar alisafisha plagi, akabadilisha nyaya zake, akatega sikio. Kuhusu kitaa, alisema ni pambo. Salme akashukuru, akaipeleka gari kwa jirani. Hilo ndilo lililomkaa kooni.

"Ingia ndani uhesabu, mama," Absalom alikuwa akisema. "Nimeunganisha matundu mawili ya hiki kisanduku kwa waya. Sasa itakukonyeza."

Kukonyeza! Masikio ya Mohdhar yalipata moto.

Kisha sauti ya Salme: "Mbili… mbili. Tena mbili… mbili."

"Basi ni mbilimbili."

"Mbilimbi? Za achari?"

"Hata za achari, mama. Lete chupa nzima!"

Wakacheka wote wawili. Mohdhar alijikuta keshaingia karakana ya watu, spana mkononi.

"Kumbe chupa imehama!"

"Shikamoo, fundi," Absalom akasema.

"Kaa na shikamoo yako! Nimesikia. Mara kukonyezana, mara mbilimbi."

Salme alitoa kichwa dirishani. "Kukonyezana na nani, Mohdhar? Na taa?"

Absalom akaeleza bila haraka. Waya ule huifanya kompyuta itaje namba ya ubovu kwa kuikonyeza taa. Taa huwaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara mbili: ishirini na mbili. Maana yake ni sensa, kifaa cha kupima joto la maji ya injini. Kompyuta haipati habari zake, hivyo hudhani injini imeshapata moto, na asubuhi haiipi petroli ya kutosha. "Hesabu mwenyewe, fundi."

Mohdhar akainama dirishani. Taa ikawaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara mbili. Ikarudia. Macho yake hayakuwa na kasoro; aliona barabara. Angalisema alichokiona, mambo yangaliishia kwenye kicheko.

"Tatu," akasema. "Kisha moja. Huyu kuhesabu hajui."

Absalom akamtazama Salme.

"Aliyehesabu ni mimi," Salme akasema.

"Basi umekosea."

"Taa hiyo hapo, haijazimwa. Tazama tena."

Mohdhar hakutazama. Alikuwa anamwangalia Absalom.

Salme alishuka garini, akajitanda leso yake vizuri. "Shangazi yako ameniletea salamu kwamba Ijumaa anakuja. Aje, nitampa chai. Ni mtu mzima, sitamfungia mlango. Lakini jibu nakupa wewe, papa hapa. Siolewi nawe."

"Wallahi, Salme! Kwa ajili ya kitaa?"

"Ungekuwa hukuona, ningecheka nikanyamaza. Wewe umeona."

Absalom aliiinamia injini, akaanza kuifungua sensa kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kusikia zaidi.