Kayaki Iliyorudi Peke Yake

Kayaki ya kaka yangu Ally, kimtumbwi chepesi cha plastiki, ilirudi peke yake, imepinduka, ikasukumwa na upepo mpaka ukingoni mwa ziwa. Siku nyingine alikuwa akiwatembeza wageni humo, lakini asubuhi ile alikwenda mwenyewe kutega samaki. Wanaume wa kijiji walimtafuta kwa mitumbwi wakaishia kwenye matete, maana mtumbwi mzito hauingii mle. Wakarudi wakisema kachukuliwa na jini. Hapa Mafia, lisilotafutwa vizuri huwa ni jini.

Mkewe, Hamisa, hakulia. Kila jioni alipika, akafunika sahani ya mumewe kwa kawa. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi. Shehe alikwisha sema kwamba bila maiti wala shahidi, yule si mjane na hana eda ya kukaa. Basi akabaki hivyo hivyo, si mke si mjane. Majirani walinong'ona juu yake. Mimi sikunong'ona, nilimwambia usoni kwamba hana haya.

Lakini na mimi sikulia. Nilikunywa chai mpaka ikaisha ndipo nikajua sikutia sukari.

Ijumaa asubuhi niliivuta kayaki majini. Hamisa akaja nyuma yangu, akapanda, akaketi mbele.

"Unajua kupiga kafi, wewe?"

"Ally alinifundisha, wifi."

Hilo sikulijua.

Ziwa lilikuwa kimya, na msitu umelizunguka pande zote. Tukapenya kwenye matete, plastiki ikiteleza juu ya tope. Hamisa akalalamika kuwa kanga yake inalowa. Nilitamani kumtosa.

Tulimkuta Ally mahali ambapo mizizi imeingia majini. Niliona kwanza shati lake la buluu, halafu mgongo. Nikangoja kilio kinitoke. Hakikutoka. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Hamisa alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akavua kanga ya kichwani, akaifunga kwenye tawi juu yake, ili wanaume watakaokuja kumchukua wapaone. Akafungua na ile ya kiunoni, akajifunika gubigubi, uso na yote, akaingiza ndani mikono yake yenye hina.

"Geuza, wifi," alisema. "Piga kafi wewe. Unipitishe njia ya nyuma, nisikutane na wanaume. Nina eda."

Niligeuza. Mikono ilifanya kazi yenyewe, mimi sikuwapo. Matete yakatupiga mabegani, maji yakaanza kuwa meupe mbele yetu.

"Wifi," akasema kutoka ndani ya kanga, "na ile sahani leo tumpe nani?"

Hapo ndipo nilipolia.