Hodi ya Shangazi

Shangazi hubisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Hugonga mara mbili, hungoja kidogo, ndipo huingia. Niliona jambo hilo wiki ya kwanza nilipohamia kwake, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze mama, na mama alikuwa amefariki. Chumba hicho tulilala mimi na shangazi. Binamu zangu walimtania: "Mama, godoro limesema uingie tu."

Sasa nina ishirini na mmoja. Napiga pasi kwenye duka la dobi, na Jumamosi asubuhi nasoma darasa la watu wazima. Mwalimu wetu ni mzee mpole mwenye sharti moja tu: asiyefungua mdomo darasani, jina lake haliendi kwenye mtihani. Mimi maneno huniishia kooni. Majina yote yalikuwa yameshaandikwa isipokuwa langu.

Jumamosi moja alitusomea hadithi fupi ya mpishi mweusi aliyewapikia Wazungu miaka thelathini. Katika nyumba ile alitakiwa kubisha kila mlango na kungoja. Alipostaafu akajenga nyumba yake, na siku ya kuhamia akasimama mlangoni, akagonga, akangoja. Ndani hamkuwa na mtu.

Darasa liliangua kicheko. Dereva wa lori alisema huyo mzee alisahau ufunguo. Fundi bomba akasema mtumwa hata umvue minyororo, bado atatembea kwa hatua fupi. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mwalimu akanigeukia, akauliza kwa nini mzee alibisha. Akasema Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho ya kuandika majina, nije na jibu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, kwa kuwa niliona wamemcheka shangazi yangu. Nilimkuta anashona upindo wa pazia la mteja, pini zimejaa mdomoni. Nikamsimulia hadithi yote. Alitoa pini moja moja.

"Na mimi niliwafanyia kazi watu kama hao," alisema. "Siku moja nilisahau kubisha. Nikamkuta mama mwenye nyumba amekaa kitandani, analia. Hakunigombeza. Kesho yake akaniambia nitafute kazi kwingine. Mtu wa rangi yangu hakutakiwa kumwona akilia."

Nikamuuliza kama wao walikuwa wanabisha wakija chumbani kwake.

"Wabishe wapi, mwanangu? Changu hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia." Akalinyoosha lile la mteja juu ya magoti. "Nililia humo mara nyingi, na mtu akafunua tu. Nikajiapiza kwamba siku nikipata mlango, aliye ndani, hata awe nani, atapata nafasi ya kujifuta uso."

Kisha akaniambia nimpe mkasi, nisikae tu kama mgeni.

Jumamosi iliyofuata nilisimama. Nikashika kiti cha mbele yangu. Nilisema mzee yule hakuwa mjinga, na kwamba kwetu yupo mtu kama yeye. Nikawaeleza habari ya pazia. Nikasema kule kwa Wazungu mzee alilazimishwa kuwaheshimu watu ambao hawakumheshimu, lakini kwake alibisha kwa hiari.

"Lakini ndani hamkuwa na mtu," mwalimu alisema. "Alikuwa anamheshimu nani?"

"Nyumba yake, mwalimu. Ndiyo ya kwanza aliyoiheshimu kwa hiari yake."

Fundi bomba aliinamisha kichwa, akafuta kitu kwenye daftari lake. Dereva akasema basi mzee alistahili kuambiwa karibu, na safari hii nami nilicheka. Mwalimu akaandika jina langu.

Yapo niliyoyaacha bila kuyasema, darasani na nyumbani. Mwaka ule wa kwanza nililia karibu kila jioni, uso nimeuzika kwenye godoro, namlilia mama, naililia shule. Kila mara mlango uligongwa mara mbili. Nilijifuta kwa shuka, nikakaa vizuri, nawe ukaingia ukilalamikia mapazia ya watu.

Shangazi, nilikuwa nalia. Nadhani ulijua. Kuna siku ulingoja pale nje muda mrefu sana.