Tende ya Shavuni

Kwaru, kwaru, kwaru. Giza lilikuwa bado, adhana ya alfajiri haijaadhiniwa, nikamsikia mama mkwe anasugua liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe lake uani. Sauti yenyewe si kubwa. Ni kama kuku anayepekua mchanga mkavu. Lakini kwetu kisiwani Juani mwanamke akiisikia anajua nyumba hiyo ina harusi.

Harusi ilikuwa ya wifi yangu, Mwanasiti. Ijumaa iliyofuata angeolewa, na asubuhi ile mama yake angeanza kumsinga, kumsugua mwili kwa liwa na manukato.

Nilikuwa nimelala nimempa kisogo binti yangu, Faraja. Alikuwa hajazoea. Tangu akinyonya, usingizi wake aliupata kwa kunishika shavu la kushoto, pale penye kovu. Kovu hilo lilinipata utotoni, siku tuliyokwenda kuchokoa pweza mwambani. Binamu yangu aligeuka ghafla na ncha ya mchokoo wake ikanichana. Kidonda kilipona upesi, watu wakashukuru Mungu. Kisha kovu likaanza kuota. Likaota, likawa gumu, la kung'aa, limetuna kama tende. Faraja alipojua kusema akalibandika kovu jina. "Mama, nipe tende," alikuwa akisema, maana yake nigeuke alale.

Sasa nilikuwa namnyima. Sindano nilizokuwa nachomwa kwenye kovu zilipaacha pale pakiuma, nami kila usiku nilimwambia, "Lala mwanangu, tende inaumwa." Alikuwa anahangaika mpaka anapitiwa, mkono umeshika ukosi wa gauni langu.

Kulificha shavu lile kulikuwa kumekwisha kuwa kazi yangu. Hata kwenye masomo ya jioni, nilikokwenda kumalizia kidato cha nne nilichokiacha njiani, nilikaa siku zote upande mmoja wa darasa ili shavu lielekee ukutani. Harusini nilikuwa mtu wa jikoni. Nikiitwa nije nione bi harusi, nasema wali utaungua.

Harusi hii isingenipa jikoni. Kwetu, mke wa kaka ndiye anayekaa ubavuni mwa bi harusi siku ya kumtoa nje kwa wanawake wenzake. Anakaa uso wazi, anampepea, anampokelea tunzo, na siku hizi simu zote zinawaelekea wao wawili. Mwanasiti alinionya mapema.

"Wifi, nakujua. Usije ukanikimbilia masufuria. Nani atanipepea, paka?"

"Utapepewa."

"Na wewe?"

"Nami, Mungu akipenda."

Ndipo nilipopanda boti kwenda Kilindoni, kwenye zahanati nilikosikia yupo muuguzi anayetibu makovu ya aina ile kwa sindano. Anaitwa Sista Specioza, mtu wa bara, mpole wa sura, mkavu wa maneno. Alilibonyeza kovu, akaliangalia kwenye mwanga wa dirisha, akavuta kiti mbele yangu.

"Mama Faraja, nisikilize kabla sijashika sindano, usije ukanidai uso wa mtoto mchanga. Dawa hii hailing'oi kovu. Inalilaza. Litapunguza kuwasha, litalainika, litashuka. Kuna watu linawashuka sana, kuna watu kidogo. Utarudi mara kadhaa, kila baada ya wiki kadhaa. Na ngozi ya juu yake huwa nyembamba, pengine ikapauka."

"Kwa hiyo halitakwisha?"

"Nani alikuambia litakwisha?"

"Moyo."

Akacheka kidogo. "Moyo haukusomea uuguzi."

"Mbona usilikate tu, Sista, yaishe?"

"Nikikata peke yake, linaweza kuota kubwa kuliko hili. Na mtu akikuahidi sindano moja na uso mpya, mkimbie." Akanikataza jua kali, akanikataza krimu na losheni. "Chochote cha kung'arisha uso, weka mbali. Ngozi hiyo sasa ni kama karatasi."

Sindano yenyewe nilikuwa sijaambiwa inavyokuwa. Kovu ni gumu, dawa haitaki kuingia. Muuguzi anasukuma, nawe unaisikia inatafuta njia ndani ya nyama. Machozi yalinitoka bila kulia. Nyumbani mume wangu, Ussi, ambaye ni nahodha wa boti ya doria ya hifadhi ya bahari, aliniangalia akasema, "Mimi sikuoa shavu." Nikamwambia, "Najua. Lakini wewe huketi nalo mbele za watu." Tangu siku ile akawa yeye ndiye anayenivusha nikirudi zahanati.

Mama mkwe hakupendezwa. "Mungu kaandika, wewe unafuta," alisema. Lakini alipoona nilivyokuwa nikijikuna mpaka damu, alishusha pumzi. "Haya. Kama linawasha ni ugonjwa, na ugonjwa una dawa."

Baada ya sindano ya tatu, asubuhi moja natawadha, kidole kikapita shavuni kikakosa ukingo kiliouzoea. Kovu lilikuwa limeshuka. Niliketi pale pale kwenye kibao cha bafuni nikapapasa tena na tena. Nikasema peke yangu: nitakaa. Nitakaa mbele, uso wazi.

Basi asubuhi hiyo ya liwa, jua lilipotoka, uani palikuwa pamejaa. Mwanasiti amekaa kwenye mkeka, amefungwa kanga kifuani, wanawake wanamsugua mikono na miguu huku wakimtania.

"Msugueni magotini, mumewe asije akadhani kaoa mpara samaki!"

"Magoti ya bi harusi hayo, au nazi?"

Mwanasiti anajifanya kukasirika, hali anacheka.

Mama mkwe alikuwa na bakuli mkononi: liwa, karafuu iliyosagwa, marashi. Akaniona nimesimama mlangoni. "Kidawa, njoo. Nawe utakaa mbele za watu. Acha shavu hilo nami nilitie mkono wangu."

Miaka yote ya kuishi naye hakuwahi kuligusa. Hata kulitaja alilitaja kwa pembeni. Sasa ananiita mbele ya wanawake wa mtaa, sauti imelegea kama anamwita Mwanasiti. Nilikumbuka katazo la Sista, nisiseme sikulikumbuka. Lakini nilikatazwa krimu. Krimu ni vitu vya dukani, vya kopo na picha ya mwanamke mweupe juu yake. Liwa si kitu cha dukani. Liwa wamepakwa bibi zetu. Nikakaa kwenye mkeka, nikampa shavu.

Kwanza ilipoa. Kisha ikapata moto, kisha ikawaka.

"Mama, inachoma."

"Iache iingie. Karafuu isiyochoma haijafanya kazi."

Nikaiacha. Bi harusi husubiri liwa ikauke, nami nikasubiri nikauke, meno nimeyabana. Alipoibandua kwa maji ya uvuguvugu, ngozi ilitoka pamoja nayo. Niliona kitambaa mkononi mwake kimeshika kitu, na mkono umesimama. Mwanasiti ndiye aliyesema, "Mama, mwachie. Mwachie."

Nikampigia simu Sista.

"Umepaka nini?"

"Liwa."

"Na nini?"

"Karafuu, Sista."

Hakunifokea. Nilisikia anavuta kiti. "Mimi nilisema krimu," alisema taratibu. "Ilinipasa nikuulize nyumbani kwenu mnapaka nini." Akaniita nivuke siku hiyo hiyo. Alinisafisha, akanipaka mafuta mepesi ya mgando, akasema sindano tumezisimamisha mpaka ngozi ifunge. Nilimuuliza kama rangi itarudi.

"Sehemu kubwa itarudi. Baada ya muda. Yote, sikuahidi."

"Harusi ni Ijumaa."

"Ijumaa itakukuta hivyo hivyo, mama Faraja. Tutaendelea baadaye. Kovu limeshuka, hilo halijapotea."

Nilirudi nyumbani nikakuta jiwe la liwa limefunikwa kwa kikapu. Mama mkwe alikuwa amemwachia mdogo wake kazi ya kumsinga bi harusi. Siku zile zote alipita mlangoni kwangu bila kuingia, anaweka uji kizingitini, anaondoka. Siku moja nikamwahi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akawa anatazama sakafu. "Nimekuharibu, mwanangu."

"Hujaniharibu. Mimi ndiye niliyejua, nikakaa."

"Ulikaa kwa sababu yangu." Akaondoka.

Ijumaa ikafika. Donda lilikuwa limefanya gamba jembamba, na kuzunguka gamba ngozi ilikuwa nyekundu, kingo zake zimepauka kama upande wa ndani wa kombe. Niliamka nikafunga kanga kichwani, ncha nikaivuta shavuni, nikaenda jikoni. Nilijiambia Mwanasiti ataelewa. Nilikuwa nachagua mchele mama mkwe alipoingia na nguo zake za harusi, akavuta kigoda, akaketi, akachota mchele naye akaanza kuchagua.

"Mama, wageni wamejaa ndani. Wewe ndiye mwenye harusi."

"Naona."

"Watakutafuta."

"Ukikaa jikoni, nami nakaa jikoni. Mwenye harusi atapika wali, basi."

"Mama, nguo zitanuka moshi."

"Zinuke."

Tukachagua mchele. Ndani ngoma ilikuwa imeanza, na nilisikia mtu anauliza, "Wifi mtu yuko wapi?" na mwingine akajibu, "Yuko na masufuria yake, hamumjui?" wakacheka. Punje zilimponyoka mama mkwe, naye aliziokota moja moja. Nikaona kwamba nikibaki pale, hatakuja kulifunua lile jiwe la liwa tena. Na Faraja, akikua, atajifunza kwangu kukaa upande wa ukuta.

Nikafungua kanga kichwani. Nikaiweka juu ya ungo.

"Twende, Mama."

Chumba kilikuwa cha moto, udi umejaa. Nilipita katikati ya wanawake, nikakaa ubavuni mwa Mwanasiti, nikashika upepeo. Yeye hakugeuka, bi harusi hageuki, lakini kidole chake cha hina kilinigusa gotini. Nikaanza kumpepea. Simu zikainuliwa. Kisha mwanamke mmoja wa mbele, jirani yetu, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Eh! Shavu hilo limefanywa nini?"

"Limefanywa na mimi," mama mkwe akajibu kutoka mlangoni, chumba kizima kikasikia. "Anayetaka kuuliza aniulize mimi, mwenye jiwe."

Ngoma ikalegea. Nilipepea tu, macho nimeyaweka kwenye ukili wa mkeka. Uso uliniwaka, na si donda lililokuwa likiwaka.

Hapo Faraja akapenya kati ya miguu ya watu na gauni lake jipya la njano, akapanda mapajani mwangu kama anavyopanda kitandani. Hakuna aliyemzuia. Akaniangalia kwa karibu, akainua mkono. Mwili wangu ulitaka kugeuka, kama nilivyozoea kugeuka miezi ile yote. Nikauzuia. Nikamwachia.

Alipapasa kwa ncha za vidole, polepole, kando ya gamba, akalizunguka, akashuka chini yake palipolainika. Akasimama hapo. Akaweka kichwa chake kifuani mwangu bila kuondoa mkono, akasema, watu wote wakisikia:

"Mama, tende bado ipo."