Mrija wa Profesa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Yeye alisikia la mkuu wake miaka kumi na tisa, na guu likavunjika vilevile. Tena si guu lake.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia maabara ile bila ufagio mkononi. Kazi yake ilikuwa vimeng'enya, vile vitu visivyoonekana kwa macho vinavyomega chakula tumboni mpaka kiweze kuingia kwenye damu. Wenzake walimwita Mama Matumbo, kwa kuwa kila Jumatatu alirudi kutoka machinjioni na ndoo ya kongosho za ng'ombe zilizofukiwa kwenye barafu.

"Mama Matumbo, leo tunakunywa supu?"

"Chemsheni shahada yangu," aliwajibu. "Ina mafuta zaidi."

Aliyemfungulia mlango ni Profesa. Ndiye aliyewaambia wakubwa, "Huyu binti ana kichwa, mpeni meza." Kwa hiyo Profesa alipotangaza kimeng'enya kipya ndani ya mzizi wa porini, kinachoyeyusha wanga upesi ajabu, na yeye akakitafuta mara sita asikione, alijilaumu mwenyewe.

"Kila nikitia iodini wanga unageuka buluu, Profesa. Wanga haujaguswa."

"Mkono wako mzito, mwanangu. Jaribio langu usilirudie tena. Nimeshapima mimi."

"Sawa, Profesa." Akaacha.

Mzizi ukasagwa ukawa unga. Hospitali ikawapunguzia maziwa watoto waliodhoofu, ikawapa uji mzito uliotiwa ule unga, eti utayeyuka wenyewe tumboni. Mdogo wake alikuwa wodini na kitoto cha miezi saba, mbavu za kuhesabika.

"Dada, wewe ndiye mwenye kujua," alimuuliza. "Nimpe?"

"Mpe."

Siku ya kumi na moja walimzika mtoto. Mzigo wenyewe ulibebwa na mtu mmoja, na haukumchosha. Mdogo wake hakupiga kelele wala hakumtukana. Alisogea kidogo ili dada yake apate pa kukaa, kisha akasema, "Ulisema nimpe."

"Nilisema."

Wakakaa pamoja mpaka watu wakatawanyika.

Aliporudi kazini alimkuta Profesa akiwaonyesha wanafunzi kazi. Mzee alitia mrija wa kioo mdomoni, akafyonza maji ya mzizi mpaka kwenye alama, kama alivyofanya tangu ujana wake. Kufyonza kwa kipira, alikuwa akisema, ni kwa waoga. Mama Matumbo siku zote alitumia kipira. Safari hii alisimama karibu, akaona povu dogo likiteremka kwenye kioo.

Mate. Na mate yana kimeng'enya cha kuyeyusha wanga. Hilo analijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wanafunzi walipotoka alipanga vichupa vitatu vya wanga. Cha kwanza alikitia maji ya mzizi kwa kipira. Cha pili, maji ya mzizi kwa mdomo. Cha tatu, maji matupu kwa mdomo, bila mzizi hata chembe. Akasubiri, akadondosha iodini. Cha kwanza kikawa buluu iliyokoza. Cha pili na cha tatu havikugeuka buluu kabisa. Alirudia mara nne.

Aliandika kila kitu, akakisoma mbele ya mkutano wa mwaka. Hospitali ikasimamisha unga. Wiki haijaisha, akaitwa mbele ya baraza la maabara: wanaume saba, meza ndefu, na mwishoni Profesa, amekonda ghafla.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu."

Mwenyekiti akamsogezea karatasi. "Tumekurahisishia. Unamwomba radhi mwalimu wako kwa kumdhalilisha, unaifuta ripoti, meza yako inabaki yako. Unga utarudi wodini huku sisi tukichunguza taratibu. Usiposaini, acha funguo hapa hapa."

"Nimekulea," Profesa akasema. "Leo nikipita watoto wa shule wananitemea mate barabarani. Nizikwe na jina hilo?"

Alimpenda mzee yule. Hata sasa alimpenda, na hapo ndipo palipouma. Alijua pia kwamba hakuna maabara nyingine itakayompa meza.

"Nimepita wodini asubuhi," akasema. "Wako watoto thelathini na wawili. Wanakunywa maziwa."

"Hatukukuuliza hilo, mama," mwenyekiti akamkata. "Unaomba radhi au huombi?"

Alichomoa funguo kwenye mfuko wa koti. Akaziweka juu ya meza.

"Siombi."