Mama Foleni na Maji ya Jirani

"Hebu niambie ukweli, bomba lako limekufa au umeliua?"

Mama Vifungo alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mkono kiunoni, kaujaza mlango wote kama kabati. Nyuma yake sufuria zilifuka mvuke, na huko sebuleni wanaume wageni walikuwa wakicheka kwa sauti nzito.

"Maji hayatoki, mdogo wangu. Nifanyeje, niyapigie mluzi?" Mama Foleni alijibu, ndoo mkononi, shingo ikijinyoosha kidogo kuelekea sebuleni.

"Unaona? Unaona shingo hiyo? Hukuja kuchota wewe. Umekuja kuhesabu viatu mlangoni kwangu."

"Viatu vyenyewe vimefika barazani, asiyeviona ni kipofu. Ni wakwe hao?"

"Sijasema wakwe!"

"Wala mimi sijasema umesema."

Mama Vifungo akavuta pumzi. Alikuwa fundi wa kushona, ulimi wake na sindano yake vyote vikali, na siku hiyo hakutaka jicho la jirani ndani ya nyumba yake. Hasa jicho hili.

Ukweli ni kwamba bomba la Mama Foleni lilikuwa zima kabisa. Alilifunga mwenyewe, kwa mkono wake.

Zamani, mji ulipokuwa bado mdogo, mtaa mzima ulitegemea bomba moja, pale karibu na mashine ya kusaga. Maji yalikuja yakipenda. Ndoo na madumu yalipanga mstari kwa niaba ya wenyewe, na Mama Foleni ndiye aliyesimamia, ndivyo alivyolipata jina hilo. Aliyechomeka ndoo yake katikati aliikuta imetupwa huko mwisho kabisa, na maneno ya kusindikizia juu yake. Pale ndipo mtaa ulipojuana. Nyumba ikichota kuliko kawaida, ujue kuna wageni. Mwanamke akiacha kujitwisha kichwani, pongezi zinaanza kabla mume hajaambiwa. Na dumu likikaa bila kusogezwa, mtu anatumwa akagonge mlango wa mwenyewe, maana hakuna mzima anayeacha nafasi yake hivi hivi. Hata choo kilikuwa cha pamoja. Ukichelewa mle ndani, unaulizwa habari za tumbo lako kupitia mlangoni.

Foleni ile ililaaniwa na kila mtu, na Mama Foleni akiwa wa kwanza. Alihudhuria mikutano, akadai maji mpaka sauti ikamkauka. Mji ukatanuka, tangi likajengwa kule juu, mitaro ikachimbwa, na kila nyumba ikapata bomba lake na choo chake cha kuvuta. Siku maji yalipofika uani kwake alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Kuhara kulikokuwa kukiwamaliza watoto kukapungua. Mambo mazuri, nani abishe? Ila asubuhi iliyofuata aliamka mapema kama alivyozoea, akajifunga, akabeba ndoo, akafika mlangoni. Ndipo akakumbuka hana pa kwenda.

Akasimama pale muda mrefu.

Kisha, wakati wa mvua, homa ikamlaza. Mume alikuwa kaburini, watoto kila mmoja na mji wake. Alilala akisikia maji ya majirani yakipita kwenye mabomba, yakijaza mapipa, yakisukuma vyoo. Hakuna aliyegonga. Alipoweza kusimama, alijikokota mpaka kwenye mita, akafunga koki, akachukua ndoo na kwenda kwa jirani. Mtu anayekuja kuchota kila siku, alijiambia, siku asipokuja ataulizwa yuko wapi.

"Hodi hapa!" Kijana mwenye ovaroli la samawati alikuwa anachungulia getini, spana begani. "Ni nani mwenye bomba lisilotoa maji?"

"Huyu hapa," Mama Vifungo akasema. "Nimekuitia fundi, dada. Leo unapona."

Mama Foleni akaweka ndoo chini. "Kwani kuna haraka gani? Mwanangu, umetoka mbali. Pita kwangu kwanza unywe maji."

"Maji gani, bibi? Si yamekatika?"

Fundi akaingia uani kwa Mama Foleni, wanawake wawili nyuma yake, mmoja ana haraka, mwingine anaburuta miguu. Akainama kwenye mita, akagusa, akazungusha mara moja. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakashuka meupe.

"Koki tu ilifungwa," fundi akasema. "Labda watoto wamechezea."

Mama Foleni alikuwa ameokolewa. Kilichobaki ni kuitikia tu.

"Sina watoto hapa," Mama Foleni akasema. "Nimeifunga mimi."

Fundi akamtazama huyu, akamtazama yule, akaona kazi yake imekwisha. Akaaga na kutoka.

"Umenichezea!" Mama Vifungo akapasuka. "Mimi nakuonea huruma, nakuachia uingie mpaka jikoni, kumbe unatafuta habari!"

"Niliugua."

"Lini?"

"Wakati wa mvua. Ulikuwa unashona zile sare za shule. Nilisikia cherehani."

Mama Vifungo akaugeukia ukuta uliogawanya nyumba zao. Cherehani ilikuwa upande huu, kitanda upande ule. "Nilikuwa hapo?"

"Ulikuwa unaimba. Huna sauti, mdogo wangu, lakini nilikuwa nangoja uanze tena."

Mama Vifungo akakaa juu ya jiwe la kufulia. Maji yalikuwa bado yanamwagika, na wala hakuna aliyeyajali. "Na mimi nikawa nasema, dada anaringa siku hizi, ana bomba lake." Akajipangusa uso kwa upindo wa gauni. "Kwa nini hukuniita?"

"Zamani sikuhitaji kuita."

Mama Foleni akafunga bomba. Vicheko vya wageni vikavuka ukuta.

"Ni wakwe," Mama Vifungo akasema taratibu.

"Nilijua."

"Nilikuficha kwa sababu ukijua wewe, mji wote umejua."

"Hapo hujanisingizia."

"Yule mjomba wa kijana anaongea kama redio, na mume wangu amekaa tu kama nguzo. Hakuna wa kumjibu." Akasimama, akajikung'uta. "Na huyo binti yangu wanayemposa, uchungu wa kumzaa ulinianzia kwenye foleni, ukanishika wewe. Sasa tunamwozaje wewe uko huku nje?"

"Acha basi nibadilishe nguo."

"Njoo hivyo hivyo. Chakula kimeshapakuliwa, dada. Twende ndani tukale."